Bustani isiyo na mbingu

SWALI: Kwenye kalenda yangu kuna picha ya Gustav Klimt ya bustani yenye alizeti. Naona maua yamerundikana tu, hakuna njia, mtu wala mbingu. Naitazamaje?

JIBU: Ulichokiona ndicho alichokusudia. Klimt aliichora mnamo 1907, na leo imo katika makumbusho ya Belvedere, Vienna. Ni mraba wa sentimita 110 kila upande. Umbo hilo alilipenda sana kwa mandhari, maana halielekezi jicho kulia wala kushoto. Majira ya joto alikuwa akienda Ziwa Attersee, Austria, akichungulia kupitia tundu la kadibodi ili achague kipande atakachochora. Upeo wa macho akauacha nje. Kilichobaki kimejaa kila pembe, kama kanga iliyokatwa pindo.

Kwa hiyo usitafute umbali. Anzia kwenye alizeti zilizosimama juu, kisha shuka taratibu kwenye vidoa vyekundu, vyeupe na vya zambarau. Linganisha maua ya juu na ya chini: ya nyuma hayafifii kama yanavyofifia katika mandhari ya wachoraji wa zamani, na kivuli karibu hakipo. Halafu yatazame majani yake ya kijani, ambayo wengi huyapita. Bila majani hayo maua yote yangepiga kelele kwa pamoja.

Kalenda, kwa bahati mbaya, inalainisha alama za brashi. Belvedere wameiweka picha hii mtandaoni. Ikuze hadi ua moja ligeuke rangi tupu, kisha irudishe polepole.