Somo: Mume na Mke Wauzao kwa Intaneti

Ndugu Katibu, mwanachama akiuliza juu ya biashara hii, mwonyeshe daftari kwanza. Mume na mke wakinunua robota la mitumba kwa Sh. 300,000, wakapata magauni 100, na 20 yakawa chakavu, kila gauni jema limewagharimu Sh. 3,750, wala si 3,000. Nauli ya bodaboda bado. Asiyelijua hili huona Sh. 60,000 zimepotea, akamshuku mwenzake aliyepokea fedha katika simu yake. Tena Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 60, huichukulia mali iliyopatikana kwa jina la mmoja kuwa yake peke yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Basi mauzo yaandikwe kila jioni, wote wawili watie sahihi.