Usukani Mzito katika Barabara za Kasulu na Kibondo

Dereva aondokaye Kigoma mjini huuacha uso wa Ziwa Tanganyika, ulio kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari, akapanda hadi nyanda za Kasulu. Kutoka hapo safari ya Kibondo hupita Makere na bonde la Mto Malagarasi. Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa ya udongo mwekundu. Katika miaka ya karibuni lami imetandazwa katika sehemu zake nyingi, lakini njia zitokazo vijijini kufikia barabara kuu bado ni za udongo: vumbi jepesi wakati wa kiangazi, na tope la kunata tangu Novemba hadi Aprili. Katika njia kama hizo usukani haupumziki, na ukianza kuwa mzito ushauri wa kwanza wa vijiweni huwa ni kununua pampu mpya. Aghalabu pampu haina ugonjwa wowote.

Ili kuelewa sababu, yafaa kuanza na kanuni ambayo mwanafunzi wa fizikia anaifahamu. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi tangu 1623 hadi 1662, alionyesha kwamba kanieneo inayotiwa katika kioevu kilichofungiwa huenea pande zote bila kupungua. Mhandisi wa Marekani, Francis Davis, aliitumia kanuni hiyo katika miaka ya 1920 kuusaidia mkono wa dereva, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza magari madogo yenye msaada huo.

Mpango wenyewe ni huu. Injini huzungusha pampu, kwa kawaida kwa mkanda, ingawa baadhi ya injini hutumia gia. Pampu huvuta mafuta kutoka katika kopo lake na kuyasukuma kwenye vali iliyo chini ya mhimili wa usukani. Usukani ukiwa umenyooka, mafuta hupita na kurudi koponi bila kufanya kazi kubwa. Dereva anapozungusha, vali hufunguka upande mmoja, na mafuta huisukuma pistoni upande ule ule anaoutaka.

Tuseme eneo la pistoni ni sentimeta za mraba 10, yaani meta za mraba 0.001, na kanieneo ya mafuta ni paskali 4,000,000. Kani itakayopatikana ni 4,000,000 × 0.001, yaani nyutoni 4,000. Huo ni karibu uzito wa mzigo wa kilogramu 400. Basi si ajabu dereva kuhisi amenyang'anywa msaidizi mwenye misuli pale kanieneo inapopotea. Hata hivyo, gari halikosi kuongozwa: mhimili na meno ya chuma bado yameunganisha mikono na magurudumu. Hatari iko katika mshangao. Gari la wagonjwa likiteremka mlima, msaada ukakatika ghafla katikati ya kona, dereva asiyejua jambo hili huweza kudhani usukani umekwama kabisa, akaacha kuukaza wakati ambapo angepaswa kuukaza kwa mikono miwili.

Uchunguzi uanze na vitu visivyogharimu fedha. Upepo wa magurudumu ya mbele upimwe kwanza, kwani gurudumu lenye upepo mdogo hugusa ardhi kwa eneo kubwa na kuufanya usukani uwe mzito. Halafu kopo la mafuta litazamwe: kiasi, rangi na povu. Baada ya hapo liko jaribio moja linaloamua mengi, nalo mafundi wengi huliruka. Magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe, mbele ya gari painuliwe na kuegemezwa juu ya vigingi imara wala si jeki peke yake, injini izimwe, na ufunguo uachwe mahali ambapo usukani haujifungi. Kisha usukani uzungushwe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukinzani kidogo ulio sawa kote ni wa kawaida, kwa kuwa mkono unasukuma mafuta. Lakini ukiwa mzito sana, au ukikwama mahali fulani, basi ugonjwa ni wa vyuma: kiungo cha mhimili kilichoingiwa na tope na kutu, au viungo vya magurudumu vilivyokauka grisi. Pampu mpya haiwezi kuponya kutu.

Ikiwa usukani ni mwepesi gari likiwa limeinuliwa, lakini mzito likiwa chini na injini inanguruma, hapo ndipo mafuta, mkanda, pampu na vali hushukiwa. Mlio mkali unaosikika usukani ukifika mwisho huashiria mkanda unaoteleza. Uzito unaopungua injini ikiongezwa kasi humaanisha kwamba pampu haizalishi vya kutosha inapozunguka polepole, ama kwa mkanda kulegea ama kwa kuchakaa. Uzito wa upande mmoja tu huelekeza kwenye vali au sili za pistoni. Mngurumo pamoja na povu ni dalili ya hewa, na hewa haiingii pasipo na mwanya.

Mwanya huo, katika nyanda hizi, mara nyingi huanzia kwenye mpira mdogo wa mikunjo unaokinga fimbo ya usukani. Mpira ukichanika, vumbi huingia, hushikamana na unyevu wa mafuta, na kuwa kama msasa. Kila kona fimbo huenda na kurudi ikisagwa. Mikwaruzo ikishatokea, sili hukatwa na mafuta huanza kuvuja. Fundi akibadili sili tu na kuiacha fimbo yenye mikwaruzo au vishimo vya kutu, sili mpya nayo itakatwa, na mwenye gari atalaumu ubora wa vipuri. Fimbo ikaguliwe kwa kupitisha ukucha juu yake ikiwa safi: ukucha ukikwama, fimbo haifai. Inasikitisha kwamba kifaa cha bei ndogo kama mpira huo huachwa wazi msimu mzima.

Mipira ya mafuta nayo ni ya aina mbili. Ule wa kurudishia mafuta koponi una kanieneo ndogo, na ukifungwa kwa kipande cha tyubu huweza kulifikisha gari nyumbani. Ule utokao kwenye pampu haufungwi hivyo hata kidogo. Wala tundu lake lisitafutwe kwa kidole, kwa sababu mchirizi mwembamba wenye kanieneo kubwa hutoboa ngozi na kuingiza mafuta mwilini, na jeraha hilo huhitaji hospitali mara moja hata likionekana dogo. Itumike karatasi ngumu badala ya mkono.

Mafuta yanayoongezwa yawe yale yaliyotajwa kwenye kifuniko cha kopo au kitabu cha gari. Magari mengi ya Kijapani hutumia mafuta ya giaboksi otomatiki, yanayoandikwa ATF. Mengine yana mafuta yake maalumu. Mafuta ya breki yasitiwe kamwe, kwani huharibu sili ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Kisha hewa itolewe: magurudumu ya mbele yakiwa yameinuliwa na injini imezimwa, usukani uzungushwe taratibu mwisho hadi mwisho mara 15 au 20 huku kopo likijazwa, ndipo injini iwashwe na kazi irudiwe mpaka povu litoweke. Usukani usishikiliwe mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache, maana mafuta huchemka.

Magari mengi madogo yaliyotengenezwa baada ya mwaka 2000 husaidiwa na mota ya umeme. Hayo hayana kopo wala pampu ya usukani, na uchunguzi wake huanzia kwenye betri na taa ya onyo.

Mwalimu aweza kuonyesha sehemu kubwa ya somo hili darasani kwa mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, moja la mililita 5 na jingine la 20, yaliyounganishwa kwa mpira mwembamba. Yajazwe maji bila hewa, wanafunzi wapime vipenyo, wakokotoe uwiano wa maeneo, kisha walinganishe umbali ambao kila pistoni inasafiri. Baadaye iachwe hewa ya mililita 2 ndani ya mpira. Pistoni ndogo itasukumwa, lakini ile kubwa itachelewa kuondoka: hewa hushindiliwa kwanza, maji hayashindiliki kirahisi.