Kumbukumbu ya Kompyuta Ijisahihishayo: Namna ya Kuifundisha na Thamani Yake

Wanafunzi wa somo la kompyuta wakishaelewa kazi ya kumbukumbu, yafaa waulizwe swali ambalo kwa kawaida hupitwa haraka: je, kompyuta ya mtu binafsi, au ile ya ofisi ya shule, yastahili kuwekewa kumbukumbu iwezayo kusahihisha makosa yake yenyewe? Katika makala haya twakusudia kueleza namna ya kulifundisha jambo hilo, kisha kutoa maoni yetu.

Kosa lenyewe ni dogo mno. Alama 71, ikiandikwa kwa msingi wa mbili, ni 1000111. Biti ya kwanza kushoto ikigeuka kuwa 0, mwanafunzi aliyefaulu atasomeka amepata 7. Biti huhifadhiwa ndani ya chipu kama chaji ndogo ya umeme, na chaji hiyo yaweza kuvurugwa na chembe za mionzi au na ubovu wa chipu yenyewe.

Darasa lisidhani kwamba haya ni ya kubuniwa. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Mei 2003 nchini Ubelgiji, mgombea mmoja wa Schaerbeek alihesabiwa kura 4,096 zaidi ya alizopigiwa. Kosa lilifichuka kwa kuwa jumla hiyo haikuwezekana. Wachunguzi hawakuona kasoro katika programu, wakahitimisha kwamba huenda biti moja ilijigeuza. Mwalimu asiharakishe kueleza sababu. Wanafunzi waiandike 4,096 kwa msingi wa mbili, nao wataiona moja iliyo peke yake mbele ya sifuri 12.

Njia ya kusahihisha ilitolewa na Richard Hamming wa Bell Labs katika makala yake ya mwaka 1950. Kuifundisha hakuhitaji hata kompyuta. Wanafunzi saba wasimame mstari mmoja, wakipewa nafasi 1 hadi 7, kila mmoja na kadi yenye 0 upande mmoja na 1 upande wa pili. Nafasi 3, 5, 6 na 7 hubeba habari, tuseme 1, 0, 1, 1. Nafasi 1, 2 na 4 ni walinzi. Mlinzi wa 1 hutazama nafasi 1, 3, 5 na 7. Wa 2 hutazama 2, 3, 6 na 7. Wa 4 hutazama 4, 5, 6 na 7. Kila mlinzi huchagua kadi itakayofanya jumla ya moja katika kundi lake iwe shufwa. Mstari utakuwa 0110011.

Sasa mwanafunzi mmoja atoke nje, na wa nafasi ya 6 ageuze kadi yake. Aliyetoka akirudi, atakuta kundi la mlinzi wa 1 ni shufwa, la 2 ni witiri, na la 4 ni witiri. Ajumlishe 2 na 4, apate 6: ndiye mkosaji. Baadaye wageuze wawili, wa 3 na wa 6. Hesabu itamshtaki wa 5, asiye na kosa lolote! Hapo ndipo aongezwe mlinzi wa nane anayetazama mstari mzima, ili makosa mawili yajulikane japo hayasahihishiki. Katika kompyuta, walinzi 8 hulinda kwa namna hiyo biti 64.

Gharama, basi, ni chipu za ziada kwa kiasi cha moja ya nane. Je, zalipa? Utafiti wa kompyuta za Google uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya kompyuta hizo zilipatwa na kosa la kumbukumbu kwa mwaka, ingawa makosa mengi yalirudia katika vipande vichache. Hizo ni kompyuta zifanyazo kazi usiku na mchana; ya darasani haifikii hapo.

Kwa kompyuta ya kujifunzia kuchapa, sisi twaona fedha hiyo ingenunua diski ya kuwekea nakala. Kwa kompyuta itunzayo alama za shule nzima, twaona kumbukumbu hii yafaa, kwani alama ikiharibika kabla ya kuhifadhiwa, nakala zote zitabeba uharibifu uleule, na hakuna atakayejua.

Kumbukumbu za DDR5 husahihisha makosa fulani ndani ya chipu, lakini hazilindi safari ya biti kati ya chipu na prosesa. Muuzaji adaiye kwamba ni mamoja ama hajui, ama hataki kusema. Aidha, prosesa na ubao mkuu havina budi kuukubali usahihishaji huo. Vinginevyo kompyuta yaweza kuwaka vizuri bila kusahihisha chochote. Mnunuzi aombe kwanza kuonyeshwa maelezo ya watengenezaji wa ubao huo, ayasome, ndipo alipe.