Dondoo muhimu: Saa nne za kuchonga ndani ya dakika moja na nusu

Unachonga kigoda cha mti wa mathenge nyumbani Garissa na unataka video ya kasi? Adui wa kwanza ni jua. Simu nyingi zimeundwa kufanya kazi kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na hapa mchana hupita hapo bila kubisha hodi. Anza alfajiri. Simu ikae kivulini, ivue kasha, uiweke katika hali ya ndege. Mjomba akipiga katikati, kazi imekatika.

Ifunge kwenye nguzo, kamwe si kwenye meza ya kazi, maana kila pigo la nyundo juu ya patasi litatikisa picha. Funga pia mwanga na fokasi, la sivyo kila wingu likipita video itamemeteka.

Picha moja kila sekunde 5 kwa saa 4 ni picha 2,880. Zikienda 30 kwa sekunde, unapata sekunde 96. Zinatosha, watazamaji hawana subira.

Ukipumzika, futa lenzi kwa kitambaa laini, si kwa pindo la macawis (msuli) lililojaa unga wa mbao. Na miiba ya mathenge iondoe kabla ya kuwasha kamera.