Skuta Inayopoteza Nguvu Mafuta Yanapoongezwa

Iko hitilafu moja ya skuta ambayo huwatatiza wengi. Injini huwaka bila taabu na kunguruma vizuri chombo kikiwa kimesimama. Lakini mpandaji azungushapo mkono wa mafuta ili apande mlima au alipite gari, injini hukohoa, hudhoofika, na pengine huzima kabisa. Hatari yake ni dhahiri kwa mtu aliye ubavuni mwa lori. Aghalabu mwenye chombo hukimbilia kununua plagi mpya, kisha kabureta mpya, na fedha huisha kabla ya kosa kuonekana. Njia ya sayansi ni nyingine: kupima jambo moja baada ya jingine.

Maelezo haya yahusu skuta zenye kabureta na injini ya mapigo mawili, kama Vespa za zamani, ambazo tangi lake liko juu ya kabureta na petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe.

Mahitaji ya injini

Injini huhitaji mambo matatu: mchanganyiko wa petroli na hewa wa kadiri ifaayo, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche kwa wakati wake. Gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 15 za hewa ili iungue yote. Kwa ujazo, lita 1 ya petroli huhitaji kadiri ya lita 9,000 za hewa.

Skuta ikiwa imesimama, injini hutumia petroli kidogo sana, ipitayo katika tundu jembamba la kabureta. Mafuta yanapoongezwa, petroli hupitia tundu jingine lililo pana zaidi, liitwalo jeti kuu. Kwa hiyo injini yaweza kunguruma vizuri ilhali jeti kuu imeziba.

Kiasi kinachohitajiwa hupatikana kwa hesabu. Skuta itumiayo lita 3 kwa kilomita 100, ikienda kilomita 60 kwa saa, huhitaji lita 1.8 kwa saa, yaani mililita 30 kwa dakika. Tangi likitoa pungufu ya hapo, skuta huondoka kwa nguvu kwa kutumia akiba iliyomo katika kibakuli cha kabureta, kisha hudhoofika akiba hiyo ikiisha.

Utaratibu wa kupima

Kwanza hutazamwa kama kosa ni la injini. Mlio ukipanda ilhali mwendo hauongezeki, kosa limo katika klachi. Mlio ukififia pamoja na mwendo, upimaji uendelee hivi:

1. Kifuniko cha tangi. Kifuniko kina tundu dogo la kupitishia hewa. Likiziba, shinikizo la hewa ndani ya tangi hupungua kadiri petroli inavyoshuka, na petroli hukawia. Nguvu zikipotea, skuta isimamishwe pembeni na kifuniko kifunguliwe. Hewa ikisikika ikiingia, na baada ya muda mfupi injini ikarudiwa na nguvu, kosa limepatikana.

2. Mtiririko wa petroli. Mpira wa petroli uchomolewe kwenye kabureta, na petroli ikingwe katika chombo cha kupimia kwa dakika moja. Ikiwa haifiki kiasi kilichohesabiwa hata kifuniko kikiwa wazi, koki, chujio na mpira vichunguzwe.

3. Kibakuli na jeti kuu. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini ya kibakuli pamoja na taka. Kibakuli kisafishwe, na jeti ipulizwe kwa hewa. Isichokolewe kwa waya, kwani tundu likipanuka kadiri ya mchanganyiko huharibika.

4. Njia za hewa na moshi. Chujio la hewa lililojaa vumbi huzuia hewa. Ufa mahali kabureta inapoungana na injini huingiza hewa isiyotakiwa. Bomba la moshi lililozibwa na masizi ya oili hupunguza nguvu polepole, kwa muda wa majuma mengi.

5. Cheche. Mafuta yakiongezwa, shinikizo ndani ya silinda huwa kubwa zaidi, na umeme hupata taabu kuruka. Hivyo plagi yaweza kutoa cheche mkononi mwa fundi na kushindwa ndani ya injini. Nafasi ya plagi iwe kadiri ya milimita 0.6, au kama kitabu cha chombo kielekezavyo.

Rangi ya plagi nayo ni ushahidi. Rangi ya kahawia huonyesha mchanganyiko mwema. Masizi meusi makavu, petroli imezidi. Weupe, petroli ni pungufu. Weupe usipuuzwe. Katika injini ambayo oili huchanganywa na petroli, upungufu wa petroli ni upungufu wa oili pia. Pistoni hupata moto, yaweza kung'ang'ania katika silinda, na gurudumu la nyuma likakwama ghafla.

Tahadhari

Kazi hii ifanywe nje, injini ikiwa imepoa, mbali na moto na sigara. Injini isiwashwe katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na harufu.

Zoezi

Skuta hutumia lita 4 kwa kilomita 100 na inakwenda kilomita 60 kwa saa. Mpira wake hutoa mililita 25 kwa dakika, na kibakuli chake kina mililita 30. Nguvu zitaanza kupotea baada ya dakika ngapi? Eleza pia kwa nini kosa hili halionekani skuta ikiwa imesimama.