Vitamini A Mwilini: Ghala la Ini na Mlango Wake

Vitamini A huliwa katika sura mbili. Maini, viini vya mayai na maziwa huwa nayo ikiwa tayari, nayo huitwa retinoli. Mchicha, kisamvu, maembe na mawese huwa na karotini, ambazo mwili hulazimika kuzigeuza. Kazi hiyo hufanyika hasa katika ukuta wa utumbo mwembamba, ambako kimeng'enya huikata beta-karotini katikati. Wataalamu wa lishe hukadiria kuwa mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula hutoa mikrogramu 1 tu ya retinoli. Karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Kwa hiyo mafuta kidogo au tui la nazi katika mboga ya mtoto si anasa.

Kutoka utumboni vitamini husafiri pamoja na mafuta hadi kwenye ini. Kwa mtu aliyelishwa vema, ini huhifadhi sehemu kubwa ya akiba yote ya mwili, akiba inayoweza kutosha miezi kadhaa. Lakini retinoli haitoki ghalani peke yake: huchukuliwa na protini maalumu inayotengenezwa na ini lenyewe. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hukosa protini hiyo, hivyo hata kile kidogo kilichohifadhiwa hakitoki. Surua nayo huishusha protini hiyo katika damu, huku tishu zikihitaji vitamini zaidi. Kwa upande mwingine, ini hujitahidi kudumisha kiwango cha damu mpaka akiba ikaribie kwisha. Kwa sababu hiyo kipimo cha damu pekee ni shahidi dhaifu.

Katika jicho, retinoli hugeuzwa kuwa retinali, inayowezesha kuona katika mwanga hafifu. Mama aulizwe iwapo mtoto hujikwaa au hupapasa jua linapotua. Katika tishu nyingine hugeuzwa kuwa asidi ya retinoiki, inayoongoza ukuaji wa seli za ngozi, njia ya hewa na utumbo. Asidi hiyo hairudi tena kuwa retinoli.

Ndiyo maana watoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa vizio 100,000, na wa miezi 12 hadi 59 vizio 200,000 kila baada ya miezi sita. Mwenye surua hupewa dozi ya umri wake siku mbili mfululizo. Akiwa na dalili za macho, huongezewa ya tatu baada ya wiki kadhaa.

Mjamzito asipewe dozi kubwa za namna hiyo, kwa kuwa retinoli ikizidi inaweza kulemaza kijusi. Karotini za mboga hazina hatari hiyo, kwani mwili hupunguza kuzigeuza akiba inapotosha. Zikizidi, viganja hugeuka rangi ya manjano, lakini weupe wa macho hubaki mweupe, tofauti na homa ya manjano au ugonjwa wa ini.