Kumfadhili Mtafiti Kijana Kabla ya Mavuno

Tumezoea kuhesabu. Kisima kimechimbwa, mabati yameezekwa, mbuzi wamegawiwa, na taarifa ya robo mwaka inajaa vizuri. Katika somo la toleo hili tunawaletea ufadhili usiohesabika hivyo: fedha za kumtunza mtafiti kijana anayechunguza jinsi kinga ya mwili inavyoweza kupambana na saratani.

Tuchukue mfano wa New York. Dk. William Coley, daktari wa upasuaji, alianza mwaka 1891 kuwadunga wagonjwa wa saratani bakteria ili kuamsha kinga yao. Baadhi walipata nafuu, lakini madaktari wengi hawakumsadiki. Alifariki mwaka 1936. Binti yake, Helen Coley Nauts, ambaye hakuwa na shahada ya sayansi, alipekua makaratasi ya baba yake na kukusanya kumbukumbu za wagonjwa wapatao 1,000. Mwaka 1953, akishirikiana na Oliver Grace, alianzisha taasisi iitwayo Cancer Research Institute kwa dola 2,000 alizopewa na Nelson Rockefeller. (Kwa tajiri wa kiasi kile zilikuwa fedha kidogo, ila alizitoa.)

Mwaka 1971 taasisi hiyo ilianza kuwafadhili watafiti waliotoka kumaliza shahada ya uzamivu. Kijana hupewa miaka 3: fedha za kujikimu na fungu dogo la gharama za utafiti, akifanya kazi chini ya mlezi mwenye maabara. Pengo liko hapo hasa. Amekwisha kusoma, lakini hana jina, na ruzuku kubwa huwafuata wenye jina. Nchini Marekani, mwenye shahada hiyo hupata ruzuku yake kubwa ya kwanza ya utafiti wa afya kutoka serikalini akiwa, kwa wastani, amevuka miaka 40. Ataishi kwa nini mpaka hapo?

Na mavuno huchelewa. Seli T, askari wa kinga ya mwili, zina kitu kiitwacho CTLA-4 kinachozizuia kama breki. Mwishoni mwa 1994, maabara ya James Allison huko California ilijaribu kuilegeza breki hiyo kwa panya wenye saratani, na panya wakapona. Dawa iliyotokana na kazi hiyo, ipilimumab, iliruhusiwa Marekani mwaka 2011, na mwaka 2018 Allison alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Tasuku Honjo wa Japani. Ni miaka 17 kutoka panya hadi mgonjwa: ufadhili wa miaka 3 ungekwisha mara 5 kabla dawa haijafika. Tena dawa za aina hii haziwasaidii wagonjwa wote, na bei yake ni kubwa mno.

Hatusemi fedha zitolewe bila kuulizwa. Kijana alichaguliwaje? Mlezi wake ni nani? Je, taarifa yake inataja majaribio yaliyoshindikana? Sisi taarifa yenye mafanikio matupu tunaitilia shaka zaidi.

Maswali ya kujadili katika kamati:

1. Katika bajeti yetu, ni fungu gani linalomlipa mtu anayejifunza, si kitu kinachoonekana?

2. Mfadhili akituuliza mwaka wa pili, "Matokeo yako wapi?", nasi hatuna, tutamwandikia nini kilicho kweli?